Berlin kwa miguu: mji unaojua uchungu wa kuporwa

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema tembea uone. Hawakusema utaona nini, kwa sababu walijua kwamba hilo hutegemea macho ya mtembezi mwenyewe. Wageni wengi wanaofika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, wakiwa na siku moja tu, huona mambo yale yale: lango kubwa la mawe, bunge lenye kuba la vioo, na mabaki ya ule ukuta ulioukata mji vipande viwili kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi 9 Novemba 1989. Hupiga picha, hula soseji wakiwa wamesimama kando ya barabara, na jioni huondoka wakisema Berlin wameimaliza. Siwalaumu. Hayo yote ni mambo makubwa katika historia ya dunia.

Lakini mtu wa Afrika ya Mashariki, awe wa Lindi au Songea, wa Moshi au Bagamoyo, wa Witu au Kigali, ana shughuli nyingine katika mji ule. Habari za mipaka yake ziko huko, habari za lugha yake ziko huko, na mifupa ya baadhi ya wazee wake ilipelekwa huko. Juma hili nataka niwatembeze Berlin kwa miguu, kama nilivyoitembea mimi siku moja nilipokuwa napita njia. Nilishuka kituo kikuu cha reli saa mbili asubuhi, na treni ya kuendelea na safari ilikuwa saa moja jioni. Mwenyeji wangu, kijana wa Kitanzania anayesoma huko, alinipa shikamoo yake, akavitazama viatu vyangu, kisha akasema, "Mzee, kwa ratiba hii leo hatutakaa kunywa chai." Na kweli hatukukaa.

Kutoka kituoni hadi Lango la Brandenburg ni mwendo wa dakika 20 hivi. Lango hilo lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791, na juu yake ipo sanamu ya mungu wa kike wa ushindi akiendesha gari la farasi wanne. Mwaka 1806 Napoleon wa Ufaransa aliwashinda Waprussia, akaingia Berlin, akaamuru sanamu ile ishushwe, ipakiwe na kupelekwa Paris. Huko haikusimamishwa hata mahali pa kutazamwa, bali ilibaki katika masanduku yake. Mwaka 1814 Napoleon aliposhindwa, Waprussia waliifuata huko huko Paris, wakairudisha kwa shangwe na kuipandisha tena juu ya lango. Uwanja ulio mbele yake wakauita Uwanja wa Paris, Pariser Platz, na jina hilo lipo mpaka leo.

Sanamu ya asili iliharibiwa katika Vita Vikuu vya Pili, na hii ya sasa ni nakala yake. Kilichosalia ni kichwa cha farasi mmoja wa shaba, nacho kimetunzwa kwa heshima katika jumba la makumbusho mjini humo. Nawaombeni, wasikilizaji, mkiweke kisa hiki akibani, maana tutakihitaji kabla siku haijaisha.

Ukishapita chini ya lango na kwenda mbele kidogo, unakata kulia na kuingia Wilhelmstrasse. Zamani barabara hii ilikuwa ndiyo moyo wa serikali ya Ujerumani. Leo sehemu kubwa yake ni majengo ya ghorofa ya kuishi watu, yaliyojengwa wakati Ujerumani Mashariki inakaribia kufa. Hapo, kwenye iliyokuwa namba 77, palikuwa na kasri ya Chansela Otto von Bismarck. Ndani ya kasri hiyo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuzungumza habari za Afrika. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Nyumba yenyewe iliharibiwa vitani na kubomolewa baadaye. Mgeni anachokikuta ni kibao cha kumbukumbu kando ya njia, na kwa muda wote niliosimama pale niliona watu wakikipita kama wanavyopita nguzo ya taa.

Hapa pana jambo linalofaa kuwekwa sawa. Wengi huamini kwamba mkutano ule ulikuwa na ramani na rula, ukachora mipaka yote ya bara letu kwa mara moja. Sivyo ilivyokuwa. Mkutano ulizungumzia biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na ukaweka kanuni kwamba taifa litakalotwaa sehemu mpya ya pwani liwaarifu wenzake na lionyeshe kuwa lina mamlaka mahali hapo. Mistari yenyewe ilichorwa baadaye, wakubwa wakikaa wawili wawili.

Kwa upande wetu, kazi ilikuwa imekwisha kuanza kimya kimya. Wakati wajumbe wanakula na kunywa Wilhelmstrasse, kijana mmoja aliyeitwa Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwatia machifu alama katika karatasi za Kijerumani ambazo hawakuweza kuzisoma. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Mfalme Mkuu Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Ilikuwa kama mtu anayengoja wageni watoke ndipo afungue kabati. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani wakagawana bara lililo nyuma ya pwani, na tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, wakatia saini mkataba mwingine: Zanzibar ikawa chini ya Mwingereza, Mjerumani akaiachia Witu, na yeye akapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa, na wa Zanzibar hali kadhalika.

Tarehe ile ya 27 Februari watu wa Songea wanaijua kwa sababu nyingine. Kila mwaka siku hiyo huwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906. Toka hati ya ulinzi hadi kitanzi ni miaka 21 kamili.

Jirani na kasri ya Chansela, namba 76, ilikuwapo Wizara ya Mambo ya Nje. Huko ndiko yalikopelekwa madai ya mtoto mmoja wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Mjerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, baba na mwana waliingia wote wawili, mwana akiwa na miaka kumi tu. Ujerumani ilishindwa, na mishahara yao ikabaki haijalipwa. Mwaka 1929 Mahjub, aliyekuwa akifanya kazi melini, alifika Ujerumani, akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Madai yale yalikataliwa.

Hakurudi nyumbani. Kutoka pale tulitembea dakika kumi hivi mpaka Potsdamer Platz, ambako kulikuwa na jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, lenye mikahawa ya kila namna. Mtu yule aliyekwenda kudai mshahara wa vita akawa mhudumu wa mkahawa humo. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Jumba lenyewe limekwisha kubomolewa, na badala yake yamesimama majengo marefu ya vioo. Hatukukaa. Saa ilikuwa inakaribia tano na nusu, na habari za Mahjub tutazikuta tena mbele ya safari.

Tulirudi upande wa mashariki kwa barabara ambayo kwa zaidi ya karne tatu ilibeba neno la zamani la Kijerumani la kumwita mtu mweusi, neno lisilo na heshima. Baada ya mabishano ya miaka mingi, yaliyofika mpaka mahakamani, mwezi Agosti 2025 ilipewa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, akafundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena katika karne ya 18. Ukitoka hapo unakwenda kaskazini kidogo na kuingia Unter den Linden, barabara pana yenye miti katikati, ambako kipo chuo kikuu cha Berlin.

Chuo hiki kina deni la lugha yetu. Mwaka 1887 kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, ili maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wajifunze lugha za nchi walikokuwa wakienda, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Walimu wa kusaidia walichukuliwa kwetu. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1890. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na habari za mji wa Berlin, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa Carl Büttner. Kwa hiyo, wasikilizaji, mimi si mtu wa kwanza kuwasimulia Berlin kwa Kiswahili. Nimechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwingine alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, sehemu yake kubwa ni kazi ya mkono wake. Humo mna ndoa zetu na matanga yetu, uganga, kilimo, ngoma na sheria, yote kwa Kiswahili cha mrima kisicho na mawaa. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata wakasafiri kuja Afrika ya Mashariki. Walipofika, wakuu wa koloni walikataa kumruhusu kushuka na mkewe. Mtu wa Bagamoyo akazuiwa kushuka katika pwani yake mwenyewe, akarudishwa Ulaya. Alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1981 ndiyo iliyoweka jina lake mahali pake, miaka 78 baada ya kitabu na miaka 54 baada ya kufa kwake.

Mwishoni mwa Unter den Linden ipo kasri ya wafalme. Nayo ina kisa. Ile ya asili, iliyoharibiwa vitani, serikali ya Ujerumani Mashariki iliibomoa mwaka 1950 na kujenga jumba lake hapo. Nchi ilipoungana, jumba hilo nalo likabomolewa, kisha Wajerumani wakaijenga tena kasri ya kifalme, kuta zake za nje zikifanana na zile za zamani. Ilifunguliwa kwa watu mwaka 2021 kwa jina la Humboldt Forum, na ghorofa za juu zimewekwa mikusanyo ya vitu kutoka Afrika, Asia na kwingineko. Vitu kutoka Tanzania katika mikusanyo ya Berlin ni maelfu, na vingine vilitekwa katika vita vya Maji Maji.

Lakini kuna vitu ambavyo mgeni haonyeshwi, na ndivyo vizito kuliko vyote. Shirika lile lile linalosimamia makumbusho hayo lilirithi mafuvu ya watu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Utafiti ulionyesha kwamba mengi yalitoka Rwanda, mengine Tanzania, na machache sehemu ambayo leo ni Kenya. Yalikusanywa na maofisa na madaktari wa wakati wa ukoloni kwa ajili ya sayansi ya kupima vichwa vya watu na kuwapanga kwa mbari zao, sayansi ambayo imekwisha kutupwa jalalani.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro. Wazee wa Kichaga walishika habari kwamba kichwa chake kilichukuliwa, na wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu walilinganisha vinasaba vya mafuvu kadhaa na vya familia za Kilimanjaro. Fuvu la Mangi mwenyewe halikutambuliwa, lakini mafuvu matatu yalipatiwa jamaa zao walio hai, na mojawapo ni la mmoja wa washauri wake. Fikirini, wasikilizaji. Kwa miaka zaidi ya mia moja mtu huyo alikuwa namba juu ya kabati. Siku moja akawa babu wa watu.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo wanahistoria hukadiria viliua watu hadi laki tatu, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Aliahidi pia kwamba nchi yake itajitahidi kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Kuomba radhi ni uungwana, na aliyefanya hivyo astahili kupewa haki yake. Ila radhi ni mlango wa mazungumzo, na mtu hawezi kuishi mlangoni.

Kutoka kasrini tulikwenda kaskazini kwa miguu kama nusu saa hivi mpaka Brunnenstrasse, mbele ya nyumba namba 193. Hapo hakuna mlinzi wala kiingilio. Chini, kati ya mawe ya njia ya miguu, kuna kibao cha shaba nyeupe chenye upana wa sentimita kumi kwa kumi. Wajerumani huviita vibao hivi mawe ya kujikwaa, na huviweka mbele ya nyumba za watu waliouawa na utawala wa Hitler. Hiki kiliwekwa mwaka 2007 kwa jina la Bayume Mohamed Husen, yaani Mahjub wetu wa Dar es Salaam.

Huku akihudumu mkahawani, Mahjub alifundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu, akipewa nafasi za watumishi na wapagazi. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwezi Januari 1933, siku chache tu kabla Hitler hajashika madaraka. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya kumsifu Carl Peters, yule yule wa Usagara, na Mahjub akaigiza ndani yake. Mwaka huo huo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa fedha askari wazee wa Afrika ya Mashariki waliokuwa bado hai. Mahjub alikuwa amekwisha kufa miaka karibu ishirini.

Kijana wangu aliinama akakifuta kile kibao kwa kitambaa chake, maana matope ya viatu vya watu yalikuwa yamekifunika. Akasema, "Mzee, mimi napita hapa kila juma. Nikikikuta kichafu nakifuta." Sikuwa na la kuongeza.

Kaskazini zaidi, katika mtaa wa Wedding, ambako miguu yetu haikutufikisha siku ile, kuna barabara zenye majina ya Zanzibar, Tanga, Uganda na Kongo, zilizopewa majina hayo kwa kujivunia ukoloni. Humo ilikuwamo pia barabara ya Peters. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Upande wa kusini mwa mji, huko Neukölln, barabara ya Wissmann, mtu aliyemwangusha Abushiri bin Salim aliyenyongwa Pangani mwaka 1889, tangu 2021 inaitwa kwa jina la marehemu Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Mabadiliko hayo hayakuletwa na upepo. Yaliletwa na Waafrika wanaoishi pale na Wajerumani wenye haya, waliodai kwa miaka mingi bila kuchoka.

Saa kumi na nusu tuliingia katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe, Invalidenstrasse, na jumba hufungwa saa kumi na mbili. Nililipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote kumwona mjusi wa Lindi. Amesimama katika ukumbi mkubwa, kimo chake mita 13 na ushei, na shingo yake imepanda kama mnazi. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na mzigo wote uliotoka huko ulizidi tani 200. Ulibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi. Kumbukeni miaka hiyo: vita vya Maji Maji na njaa yake vilikuwa vimepita juzi tu, na waliochimba na kubeba walikuwa watu wa nchi ile ile iliyochomwa.

Wajerumani walioongoza kazi hiyo ni maarufu katika vitabu. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hakuwa maarufu hivyo, ingawa jicho lake ndilo lililotambua mifupa mingi. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la kisayansi la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Ni haki ndogo, lakini ni haki.

Je, mjusi arudishwe? Mwaka 2018 waziri wa mambo ya nje wa Tanzania wa wakati huo alisema nchi haitadai arudi, bali ingependa ushirikiano katika uchimbaji na utafiti. Wengine hawakukubaliana naye. Mimi naona hilo ni jambo la kuzungumzika. Mifupa ile ni mizito na dhaifu, inataka jengo, fedha na mafundi. Nchi inaweza kuamua kwamba leo inataka vijana wake wasomeshwe, Lindi ipate makumbusho yake, na mapato yagawanywe. Hayo ni mambo ya mkataba, na safari hii mkataba uandikwe kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaisoma.

Lakini mafuvu ya watu si jambo la mkataba wa namna hiyo. Hapa ndipo ninapotaka mkitoe kile kisa cha lango mlichokiweka akibani. Husemwa kwamba mambo haya ni ya zamani, tusahau tusonge mbele. Husemwa pia kwamba vitu hivi vimetunzwa vizuri Ulaya, na kwetu vingeliwa na mchwa. Basi tuwaulize wenyeji wa Berlin. Ile sanamu ya farasi nayo ilikuwa salama Paris, kavu ndani ya masanduku yake. Mbona waliifuata? Waliifuata kwa sababu kitu kilichonyang'anywa kwa nguvu hakipati amani mpaka kirudi kilikotoka, na wao walilijua hilo mwaka 1814. Farasi wale walikaa uhamishoni miaka minane tu, na mji mzima ukaona aibu. Mji unaotunza kichwa cha farasi wa shaba kwa heshima hauhitaji kufundishwa uzito wa kichwa cha babu wa mtu.

Sisi nasi tuna kazi yetu katika jambo hili. Vinasaba peke yake havitoshi. Mafuvu yale matatu ya Kilimanjaro yalipata wenyewe kwa sababu zilikuwapo familia zilizohifadhi habari: fulani alinyongwa, mwaka fulani, mahali fulani, na sisi ni wa ukoo wake. Pasipo na habari kama hizo, mtaalamu anabaki na mfupa asiojua aulize nyumba gani. Kwa hiyo mwenye mzee nyumbani, hasa katika mikoa ya Ruvuma, Lindi, Mtwara, Iringa, Kilimanjaro na Tanga, na kwa ndugu zetu wa Rwanda na Kenya pia, amkalishe amwulize. Nani alichukuliwa? Alizikwa wapi, au hakuzikwa? Yaandikwe kwenye daftari majina ya baba, babu na kijiji, na nakala ifike kwa mtendaji wa kata au makumbusho ya karibu.

Na serikali zetu zisione haya kudai kwa sauti, kwa karatasi na kwa tarehe. Mahjub bin Adam alidai akiwa peke yake, mtu mmoja mbele ya wizara nzima, na akarudishwa mikono mitupu. Wazao wa Mangi Meli na wa Songea Mbano hawapaswi kuachwa peke yao hivyo. Dawa ya deni ni kulipa, na mdai aliyenyamaza humpa mdeni usingizi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juma hili, ndugu wasikilizaji. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo wakati kama huu. Kwaherini.